Sista Aliuliza Uchafu

Jumanne. Mvua toka asubuhi, mtaa wetu wote wa Iringo ni matope.

Daftari langu, habari za siku. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Baba Wambura hajambo, ni mguu tu unamsumbua. Wambura hajambo, yuko kazini. Bibi yao hajambo, anakula vizuri. Nyabise hajambo, amerudi shule ameloa chapachapa. Mimi nipo hivyo hivyo.

Nyangeta sijui kama hajambo.

Binti yangu huyo ana miaka kumi na sita. Wiki ya juzi alilalamika tumbo, chini ya kitovu, nikampeleka zahanati. Foleni ndefu, na tulio kwenye benchi tunasikia kila kitu. Sista hakuinua hata kichwa. Akamuuliza, "Unatokwa na uchafu?"

Mwanangu akajibu, "Hapana sista, mimi naogaga asubuhi na jioni."

Benchi zima likacheka. Mama mmoja akasema, "Huyo apewe zawadi ya usafi!" Sista naye akacheka, akaandika hapana, akampa vidonge vya maumivu. Basi, tukarudi.

Mimi nilijua anauliza nini. Sisi wakubwa neno hilo tunalijua, ni yale majimaji ya ugonjwa. Ningesema tu, "Sista, mtoto hajakuelewa." Nikaona aibu mbele za watu.

Na mimi nilicheka.

Jumamosi natafuta kipande cha sabuni ya mche nilichokuwa nimeficha. Sabuni yenyewe tulipanga foleni duka la ushirika toka alfajiri, tukapata kipande kimoja nyumba nzima. Nakuta kimebaki kama ukucha. Nikamwita Nyangeta mwizi, nikamuuliza amempelekea nani. Jumapili, sisi tuko kanisani, yeye akapanda gari la Kisorya kwa shangazi yake.

Leo ndiyo Nyabise kaniambia, huku analia. Dada yake alikuwaga anajifungia bafuni na ile sabuni, anajiosha mpaka ndani. Akikojoa anauma meno kwa maumivu. "Anasema sista kamwona mchafu, mama."

Nilikaa jikoni pale pale mpaka ugali ukaungua.

Kama yupo mvulana, sijamuuliza. Naogopa jibu, na maneno ya kuulizia sina. Mama yangu hakunipaga.

Kuna mama anafuata dagaa Kisorya kesho, nimempa barua. Nimeandika kwa herufi kubwa: WEWE SI MCHAFU. NI UGONJWA, UNA DAWA. ACHA SABUNI. Na wifi nimemwandikia, akiona homa asingoje, ampeleke Bunda hospitali. Mimi nitawafuata huko huko, niingie naye kwa daktari. Akikosa neno, nitasema mimi.

Nyangeta mwanangu, nijibu upesi. Yule mama anarudi Alhamisi. Hata kama ni kunitukana, andika.