Bibi, Gari Limepona

Mpendwa Bibi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Najua macho yako hayapatani na herufi ndogo, kwa hiyo barua hii utasomewa, na huko Lindi barua ya mtu mmoja husomewa nyumba nzima. Basi nimeiandika wazi, sijaficha kitu. Wote mnaosikiliza, shikamooni. Namwomba msomaji asiruke sehemu ya Babu, hata akishikwa na kicheko.

Kwenye simu mimi sina maneno, unanijua. Nasema "nzuri, Bibi", "sawa, Bibi", mpaka salio linakatika. Kwenye karatasi sioni haya.

Unakumbuka asubuhi ile Babu alipokuwa anarudi kutoka Mwananyamala, alikotolewa mtoto wa jicho? Ulinituma majivu jikoni, nikadhani ni ya masufuria. Nilipotoka nje nikakukuta umejifunga khanga kiunoni, kumbi la nazi mkononi, unasugua boneti ya gari lake. Ulisugua kwa miduara, vilevile unavyosugua sufuria la pilau, na ulikuwa unaimba.

"Mume wetu anarudi na macho mapya," ukaniambia. "Kitu cha kwanza akione kinang'aa! Mwaga maji hapa, mke mwenzangu, usizubae."

Nikamwaga. Likiwa limelowa, gari lilipendeza kweli. Jua lilipolikausha ndipo tukatazamana. Weusi wote ulikuwa umejaa mikwaruzo, duara juu ya duara, kama buibui amehamia pale na ukoo wake. Kwa macho yake ya zamani Babu asingeona kitu. Kwa hayo mapya aliona kila mstari. Alilizunguka gari taratibu, akasema, "Ahsante, mke wangu," akaingia ndani kunywa uji.

Ulisema ahsante ile ilikuwa ya baridi. Haikupita wiki ukaaga, unakwenda kumsaidia dada yako kuokota korosho. Tangu hapo kila tukipiga simu unauliza, "Gari limepona?" Nikijibu bado, unasema, "Basi na korosho bado hazijaisha." Mama anauliza korosho gani hizo, mbona wenzenu wote wameshauza.

Bibi, huku Mbagala hakuna raha. Unakumbuka tulivyokuwa tunagombea kumpelekea Babu chai? "Leo zamu yangu, wewe jana alikusimulia hadithi mpaka ukalala!" Sasa kila siku ni zamu yangu, na hakuna wa kuninyang'anya kikombe. Uke wenza wa mtu mmoja hauna ladha. Babu anakunywa chai akitazama mlango.

Nilimwuliza mbona hampi mjomba Shomari gari alitengeneze, na mwanawe huyo kazi yake ndiyo hiyo ya kuosha na kung'arisha magari. Akasema, "Nikilipeleka kwa fundi, mke mwenzio atasema nimechukia. Nikiliacha, atasema nimenuna. Mie nishike lipi?"

Shule ilipofungwa nikaenda kwa mjomba, nikamwomba anifundishe. Nilidhani atacheka. Alinipa mlango wa gari bovu uliolala chini, akaniwekea mashine ya kung'arishia mikononi.

"Pitisha ukucha kwanza juu ya mkwaruzo," akasema. "Ukikwama, umeingia ndani. Usipokwama, huo unatoka."

Jioni nikaenda kupitisha ukucha kwenye gari la Babu, boneti yote na milango yote. Haukukwama hata mara moja. Bibi, mikwaruzo haikuingia ndani! Nilitaka kukupigia hapo hapo, ila nikajua nitaishia kusema "nzuri, Bibi".

Nilijifunza likizo nzima. Kwanza unaliosha gari mpaka chembe ya mchanga isibaki, maana chembe moja chini ya sponji itaongeza mikwaruzo badala ya kuitoa. Kisha unatia dawa ya kung'arishia kidogo tu kwenye sponji ya mashine, unaipitisha taratibu, huku na huku, halafu kwa kukatiza. Ile miduara tuliyoiona sisi kumbe ni mistari iliyokwenda kila upande, lakini jua hung'arisha ile tu inayozunguka taswira yake kwenye rangi. Ndiyo maana ukihama, duara linahama nawe. Nilikuwa nimesoma habari za mwanga kwenye fizikia na sikuwahi kufikiri zinahusu majivu yako.

Wateja waliokuwa wanasubiri magari yao hawakuniacha. "Dada, shika vizuri, itakurusha mpaka Kigamboni!" Niliwageuzia mgongo, nikaendelea.

"Usiikandamize, ina uzito wake," mjomba alikuwa akinikumbusha. "Na usiigandishe mahali pamoja. Ukingoni ndiyo usikae kabisa. Rangi pale ni kama ngozi ya kitunguu, ukikaa tu umeunguza."

Siku niliyoona naweza, nikamwambia Babu, "Hulipeleki kwa fundi. Ni mke wako mdogo anamsaidia mkubwa kumaliza kazi aliyoianza." Akanitazama, akacheka kwa pua, akanipa ufunguo.

Nilianza na boneti. Mduara wako wa kwanza ulipotoweka, nikauona uso wangu mle ndani, mweusi, unatoa meno. Babu alivuta kiti akakaa kutazama. Mjomba alipokuja kukagua, akainama usawa wa rangi, akasema, "Mpwa wangu, hili ni jipya!" Nikaruka. Mimi, Bibi, niliruka mbele za watu.

Hapo ndipo Babu akasimama. "Na mie nijaribu."

"Baba, tulia, limeshaisha," mjomba akamwambia.

"Nimesema nijaribu. Wapi umesema pabaya kukaa?"

Nikamwonyesha ukingo wa boneti, upande wa dereva. "Hapo, Babu. Hapo usiguse kabisa."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Akawasha mashine, akaiweka hapo hapo, akatulia nayo. Nilipiga kelele. Mjomba alipochomoa waya ukutani, rangi ilikuwa imeshaungua, doa la kijivu upana wa kiganja, na harufu yake imejaa uwanja mzima. Babu aliinama, akalichungulia kwa macho yake mapya.

"Lo," akasema. "Nimeliharibu."

Halafu akacheka, Bibi. Akacheka mpaka akashika kiti. Mjomba akasema atampigia fundi rangi apake upya. Babu akakataa katakata. "Liacheni. Mwandikie mke mwenzio. Mwambie la kwake limetoka lote, la kwangu halitoki. Aje alione."

Nimelifikiria jambo hili sana. Wewe mwenyewe ulinisimulia jinsi Babu alivyokuwa akiendesha mabasi ya kusini enzi barabara ikiwa tope, alivyolivusha basi kwenye daraja jembamba bila kugusa ukingo wa kulia wala wa kushoto, na abiria wote macho wamefumba. Mikono yake haijaanza kutetemeka. Chai anaishika bila kumwaga tone. Mimi sitasema zaidi, maana barua hii inasikilizwa na watu.

Tangu siku hiyo kila jirani akipita anaitwa. "Njoo uone nilivyoliunguza gari langu!" Anasema hivyo kama mtu aliyeshinda mashindano. Jana kanitupia swali akiwa anakunywa chai, "Mke mwenzio akirudi, atanicheka sana?" Nikamwambia, "Atakucheka mwaka mzima." Akasema, "Haya."

Bibi, korosho zimeisha. Panda basi. Doa linakusubiri, na zamu ya chai kesho kutwa nakuachia.

Wako, ninayekuonea wivu kidogo tu,

Mke mwenzio mdogo