Sahihi ya Herufi Moja

Hollenbeck, Ujerumani
9 Mei 1983

Shangazi,

Shikamoo. Kifua kimepoa, au baridi ya Iowa bado inakuandama? Mimi mzima, ila nimenenepa. Mwenye nyumba ya wageni hapa haamini kama mboga ni chakula.

Siku nne sasa nashinda ofisi ya kanisa, nafunua vitabu vyao. Yule mume wa bibi yako Karoline, askari wa farasi aliyefia kwenye vita na Wafaransa, simwoni. Ndoa yao haimo. Tena vita viliisha 1871, na Babu Wilhelm kazaliwa 1880. Marehemu alikuwa na subira, Shangazi.

Kitabu cha ubatizo cha miaka hiyo kimeharibiwa na unyevu, kurasa zimegandana kama mkate uliolowa. Cha kipaimara kimesalimika. Humo, mwaka 1892, yumo msichana: “Dorothea Brinkmann, miaka kumi na minne. Baba hajulikani. Mama, Karoline, yuko Amerika.”

Huyu Karoline ndiye wetu? Ulipata kulisikia jina la Dorothea pale nyumbani?

Mwanao,
Carla


Iowa, 24 Mei 1983

Carla,

Marahaba, mwanangu. Kifua kimetulia, na mahindi yameshapandwa. Baba yako anakusalimu. Anasema picha za ng'ombe zinatosha, sasa tuma za watu.

Akina Brinkmann huko ni wengi kama nyasi, na kila nyumba ina Karoline wake. Bibi alikuja na mtoto mmoja, ambaye ni baba yangu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ukurasa wa majina ya ukoo katika Biblia yetu. Waache wafu wapumzike. Nenda Bremen ukale samaki, kisha urudi.

Shangazi yako,
Elsbeth


Hollenbeck, 11 Juni 1983

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mpo salama wote. Swali langu hukulijibu, basi nimekwenda kuuliza kwingine.

Mchungaji alinipeleka kwa Frieda Lohmeier, mama wa miaka sabini na minane. Ni binti wa Dorothea. Anasema Karoline alikuwa na watoto wawili na hakuwahi kuolewa. Siku ya safari, mwaka 1881, Dorothea alikuwa na surua, na meli haikupokea mtoto mgonjwa. Akaachwa kwa dada wa Karoline, kwa ahadi kwamba ataitwa. Alikuwa na miaka mitatu. Hakuitwa.

Frieda alitoa barua kutoka kwenye kopo la biskuti. Imetoka Iowa, 1920. Ina mistari miwili: “Karoline Niehaus amekufa. Usiandike tena.” Sahihi ni herufi moja, E.

Kaburi la Karoline, Niehaus kwa ndoa yake ya Iowa, nimelipalilia kila mwaka tangu utoto wangu. Alikufa 1927. Na hiyo E yenye mkia mrefu ndiyo iliyo kwenye kadi zote ulizonitumia siku yangu ya kuzaliwa.

Sijamwambia Frieda neno. Nakungoja wewe.

Carla


Hollenbeck, 10 Julai 1983

Shangazi,

Shikamoo. Baba kwenye simu anasema u mzima na unakwenda kanisani. Basi niandikie. Frieda ananikaribisha kila Jumapili, na kila Jumapili najiona mwongo.

Carla


Iowa, 3 Agosti 1983

Carla mwanangu,

Marahaba. Mimi nilikuwa mzima, kalamu ndiyo iliyoumwa.

E ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo barua zake nilimsomea mimi, pale jikoni. Katika barua yake, Dorothea hakuomba pesa wala tiketi. Aliomba picha ya mama yake. Bibi akasema nisome tena, nikasoma. Akasema, “Andika kwamba nimekufa.”

Nikamwambia, “Lakini Bibi, wewe upo.”

“Andika, Elsbeth. Babu yako hajui.”

Babu Niehaus alikuwa bandani anakamua, nasikia ndoo yake. Alimwoa Bibi akiamini ni mjane mwenye mtoto mmoja. Bibi alikuwa ameubeba uongo huo karibu miaka arobaini, na hakujua pa kuutua. Nilipomaliza kuandika, alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili. Hakuniomba tena nimsomee kitu.

Bibi alipokufa ningeweza kumwambia baba yangu kwamba ana dada. Nikanyamaza, naye akafa hajui. Hilo si la Bibi, ni langu.

Barua hii mpelekee Frieda. Msomee yote, usilainishe neno. Na humu mna picha ya Bibi, ile iliyoombwa.

Shangazi yako,
Elsbeth


Hollenbeck, 15 Agosti 1983

Shangazi,

Shikamoo, na asante.

Nilimsomea jana, tukinywa kahawa. Aliniomba nirudie pale uliposema, “Lakini Bibi, wewe upo.” Akaishika picha muda mrefu. “Paji la uso ni la Mama kabisa,” akasema.

Kisha akanieleza. Barua yako ilipofika, Dorothea alilia siku nzima. Kesho yake akaichukua tena, akaipeleka dirishani, akaona mistari ya penseli iliyopigwa chini ya maneno ili yasipinde. Akamwita Frieda. “Njoo uone, huu ni mwandiko wa mtoto. Basi mdogo wangu Wilhelm yu hai, na ana mtoto anayejua kuandika.” Ndiyo sababu hakuichoma. Jina lako walikuwa wakilikisia, mara Emma, mara Erna.

Nikamuuliza kama amekusamehe. Akakusanya vikombe kwanza. “Mwambie kwamba Mama aliingoja barua ya pili mpaka 1951, alipofariki,” akasema. “Mimi bado nipo.”

Narudi tarehe 24. Nikuletee nini?

Mwanao,
Carla


Iowa, 22 Agosti 1983

Carla,

Hii itapishana nawe njiani, lakini nimeizoea kalamu sasa.

Usiniletee kitu. Ya pili nimeipeleka posta leo asubuhi, kurasa tisa, na juu ya bahasha nimeandika jina la Frieda mwenyewe. Nilichomwandikia usiniulize.

Shangazi yako,
Elsbeth