Namba Isiyo na Mwenyewe

Katubuka, Kigoma
Alhamisi, 14 Machi 2024

Kwa kaka yangu Feliksi Bukuru,

Shikamoo. Tangu tukiwa wadogo sijawahi kukuamkia hivyo, maana dakika ishirini ulizonitangulia kutoka tumboni sikuona kama zinatosha kukufanya mkubwa. Leo nakuamkia bila kubishana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanafunzi wako, na kwamba ile malaria ya mwezi uliopita imekuachia nguvu ya kushika chaki.

Sisi hapa nyumbani tupo. Baba miguu bado inamsumbua, ila mdomo hauumwi; jana amemfokea jirani kwa ajili ya mbuzi mpaka jirani mwenyewe akaishia kucheka. Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni nitakueleza, ila nivumilie nikizunguka, maana kila nikilikaribia jambo lenyewe nageuka.

Usishangae mtu wa kompyuta kuandika kwa kalamu. Mnara wa huko Kalya umezima wiki ya pili sasa na simu yako haipatikani. Barua hii anakuja nayo Nehemia, nahodha wa boti itakayoondoka Kibirizi kesho asubuhi, na nimemwapisha akupe wewe mkononi.

Unakumbuka nilivyojisifu wakati wa Krismasi kuhusu mashine za kituo chetu cha afya. Zamani kompyuta zile zilikuwa na programu za kunakili mitaani, zimejaa virusi, na mtu mmoja alikuwa akijitokeza kwenye orodha mara mbili au tatu. Nilimshawishi Daktari Anatoli, mganga mfawidhi wetu, tuhamie kwenye Linux na programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Nilimweleza kwamba huria si ya wizi; walioitengeneza wameiacha wazi, kila mtu aisome ilivyoandikwa, aitumie, hata airekebishe. Akaniuliza ikiharibika tutampigia nani. Nilimjibu kwa kiburi kwamba atanipigia mimi.

Na kweli, tangu Oktoba seva yetu haijasimama. Ipo ndani ya kabati la chuma karibu na stoo ya dawa, umeme ukikatika inashikiliwa na betri, na majibu ya vipimo kutoka maabara kubwa yanaingia yenyewe na kukaa kwenye jina la mgonjwa. Majibu yakiwa mabaya, mama wa mtoto anapata ujumbe kwenye simu aje haraka. Nilikuwa napita kwenye korido kama mtu aliyejenga daraja la Malagarasi peke yake.

Jumatatu wiki hii niliingia sehemu ambayo sikuwa nimeifungua tangu tuhamie, ambako programu inaweka majibu yasiyopata mwenyewe. Nilitegemea kukuta namba moja au mbili zilizokosewa. Nilikuta kumi na moja. Zote za watoto wachanga, damu iliyochukuliwa kisigino kupima selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nikazitazama zile namba, kisha tarehe za kuzaliwa.

Wote walikuwa mapacha, Bukuru. Katika kila jozi mmoja alikuwamo kwenye orodha na mwenzake hayumo.

Daktari aliposikia, hakungoja. Alifungua daftari la Honorata, yule mama wa masjala aliyekuwa akitupa karanga tulipokuwa shule, akaona kwamba kila jozi ya mapacha ameiandika kwenye mstari mmoja. Honorata ndivyo alivyolelewa. Anasema mahasa, yaani mapacha, hayatengwi, ukimpa mmoja ndizi unampa na mwenzake, na ukimwandika mmoja unamwandika na mwenzake hapo hapo. Daktari akaona basi ni yeye, mstari mmoja kauingiza kwenye kompyuta kama mtoto mmoja. Akampa barua ya kujieleza na kumwambia akae nyumbani mpaka Jumatatu ijayo. Honorata alikunja kanga yake akaondoka, na mlangoni akaniaga vizuri kama siku zote.

Mimi nilinyamaza.

Kaka, Honorata alikuwa amewaingiza wote, mmoja mmoja. Ni mimi niliyewafuta. Wakati wa kuhamisha majina nilitaka kuondoa wale waliojirudia, nikaiandikia mashine amri fupi ya mistari minne: ukikuta jina la mama ni lilelile, simu ileile, na tarehe ya kuzaliwa ileile, huyo ni mtu mmoja, bakiza wa kwanza. Jina la mtoto niliiambia isilitazame, kwa kuwa kwetu mtoto anaanza kliniki akiitwa mtoto wa fulani, jina la ubatizo linakuja baadaye, na orodha ilikuwa imejaa watoto wenye majina mawili. Niliona ni akili kubwa. Wa kwanza kuandikwa daima ni Bukuru, pacha aliyetangulia kuzaliwa, kwa hiyo nimewafuta akina Toyi wote, wale waliofuata. Mimi, niliyeitwa Toyi kabla sijakatwa kitovu.

Programu yenyewe haina kosa. Imeandika kila kitu kwenye kumbukumbu zake: siku, saa, amri, na jina langu. Kituo kizima hakuna mwingine anayeweza kuisoma ile kumbukumbu. Jumanne, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, nilikaa mbele yake na kidole kwenye kitufe cha kufuta mpaka waliporudi. Sikufuta, lakini sikusema pia, na Jumatano nikasema nitasema kesho. Mama ana msemo wake, mficha maradhi kilio humfichua, na siku zote tatu niliusikia kwa sauti yake hata nikioga.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Daktari nikamwambia. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Aliuliza tu ni jozi ngapi, akainuka, akachukua ufunguo wa pikipiki akaenda mwenyewe kumrudisha Honorata. Tumekaa watatu na lile daftari la mstari mmoja, maana sasa ndiyo kumbukumbu pekee ya watoto wale. Diski ya zamani niliisafisha kwa mikono yangu. Kufika saa nane tulikuwa tumewapata kumi. Tisa damu yao ni nzuri. Wa kumi, wa Ilagala, ana selimundu; tumempigia simu bibi yake na yupo njiani kumleta. Honorata alinisogezea kikombe cha chai, na hapo nililia.

Amebaki mmoja, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ni Toyi wa Mapendo, mtoto wa kike wa miezi sita. Ana selimundu. Bukuru wake ni mzima. Mapendo ni mke wa Jonathan, wale wenye asili ya Kongo waliokuwa wakianika dagaa Kibirizi, na Februari wamehamia huko Kalya kwa shemeji yake. Simu yake nimeipiga mara thelathini.

Sasa nikwambie nisilomwambia hata Daktari. Mapendo alikuja Januari kabla ya kuhama, akiwa na mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akauliza majibu ya damu. Nesi alikuwa na mgonjwa. Si kazi yangu kusoma majibu ya watu, lakini nilitaka kumwonyesha jinsi mashine yangu ilivyo haraka. Nikaona mtoto mmoja, damu nzuri, nikamwambia wazima. Akauliza, "Wote wawili?" Nami bila kuinua macho kutoka kwenye kioo nikasema, "Wote wawili."

Watoto walikuwa mbele yangu, kaka. Ningeinua macho tu.

Najua hili lilipaswa kukaa mstari wa kwanza, na nimekuzungusha kurasa mbili kwa woga. Nisamehe, kisha uniache hapo na uende kwa Mapendo leo hii. Ndani ya bahasha kuna barua ya Daktari kwa zahanati ya huko. Waanze dawa ya kila siku, kisha waje Kigoma kwa boti ya kwanza. Mtazame mtoto mikono na miguu kama imevimba, macho kama ni ya manjano, na homa hata ndogo msiingoje ipungue. Kesho nitamwambia Daktari hili la Januari nalo, nikiwa nimekwisha kukuandikia sitaweza kurudi nyuma.

Mapendo hatakuamini. Atakwambia aliambiwa kituoni kwamba watoto wake ni wazima. Usimwambie mashine ilikosea. Mwambie aliyesema ana jina, ni dada yako, na kwamba nitakuwa nimesimama gatini Kibirizi kila boti itakapofika.

Wasalimie walimu wenzako wote. Baba na mama wanakubariki.

Ni mimi pacha wako,
Frida Toyi