Rais Aliyekalia Kiti Changu cha Kunyolea

Al Muraqqabat, Dubai

Mdogo wangu Makame,

Asalaam aleikum. Wewe na shemeji hamjambo? Goti lako limepoa? Mie mzima, namshukuru Mungu, na wembe wangu bado hauna mpinzani mtaa mzima.

Sasa kaa kitako nikupe habari. Nimemnyoa rais. Mzee wa Afrika Magharibi, amestaafu, amekuja huku kutibiwa macho, kafikia hoteli ya jirani. Kila Ijumaa huja kwangu, wale vijana wenye mashine yeye hawataki. Tunasemezana Kiarabu, na changu ndicho kizuri zaidi.

Alikuwa mwalimu wa shule. Wanajeshi wakamfunga kwa kuwasema, akatoka, watu wakamchagua. Mwisho akashindwa kura. Wenzake wakamwambia asitoke ikulu. Yeye akampigia simu aliyemshinda, akampongeza, akaenda zake kwao kulima mihogo.

Nikamwambia, "Mie nisingetoka."

Akacheka, povu likamwingia mdomoni. "Na wewe, mzee, umekalia kiti gani?"

Nikamweleza habari ya Zuwena. Kwamba mie babake ndiye walii, na nilishasema hapana mtu wa kumuozesha ila mimi, na arbab, tajiri wangu mwenye duka, kila nikiomba ruhusa ya kuja huko ananiambia bukra, kesho, na harusi imeshaahirishwa mara mbili. Akajifuta povu. Kisha akasema, "Siku niliyotoka ikulu niliogopa sitakuwa mtu tena. Nikafika nyumbani, binti yangu akanifungulia mlango, akaniita Baba, kama jana yake."

Makame, nilijidai naunoa wembe.

Basi mie Khamis nakuwakilisha wewe, ndugu yangu wa baba mmoja, umuozeshe binti yangu Zuwena kwa yule kijana wake fundi umeme. Nimetamka haya mbele ya mashahidi wawili wa msikitini kwetu, wametia sahihi nyuma ya karatasi hii. Usimngoje arbab, khalas. Ila simu iwe wazi karibu na shekhe, nisikie. Na ukifika penye jina langu litamke lote, usilimeze kama ulivyozoea.

Nisalimie shangazi yetu aliyenilea, na mama Zuwena mwambie moyo wangu sasa umetulia. Zuwena mwambie sijakasirika hata kidogo.

Kanzu niliyojinunulia kwa siku hiyo nimempa mtu anayekuja huko. Ivae wewe. Itakupwaya, mie nina mabega.

Kakako,
Khamis, babake Zuwena