Usiifute Mvua ya Siku Ile

Mjukuu wangu Béa,

Unisamehe kwa kukawia kuandika. Mtoto wangu anaota meno, na tata yake, mume wangu, bado yuko kazini Fungurume. Nimekupita miaka sita tu, lakini kwa ukoo mimi ni kambo yako, yaani bibi yako, kwa hiyo unisikilize.

Umeuliza namna ya kuondoa giza kwenye picha ya kilima uliyopiga siku tulipomzika mama yako.

Nilipokuwa msichana wa kazi katika studio ya picha hapa Kolwezi, mama mmoja alileta picha ya kijiji chao, aliyopiga siku walipohamishwa kupisha mgodi. Mvua ilikuwa imefunika kila kitu. Nikaipendezesha: nikaweka anga la bluu na jua, nikahifadhi bila kubakiza picha ya kwanza.

Akaitazama sana. “Eh, mama, hapa ni kwa nani? Ile siku mvua ilikuwa inanyesha, na sisi tunalia ndani yake.”

Sikuweza kumrudishia.

Basi ongeza mwanga kidogo tu, njia ionekane. Mawingu yaache.

Bado nahitaji unitumie: dawa ya homa ya mtoto, kitenge cha kijani cha mama yako, na picha ile, kabla hujaigusa.

Kambo yako