Uji wa Saa Kumi

Jumanne, 15 Julai 2025
Nimetoka shule, zamu yangu ya kumlisha Bibi uji wa saa kumi. Kaniita Rebeka tena — dada yake, aliyekufa kabla sijazaliwa. Siku hizi naitika tu.
Alikuwa amelala chali. Nesi alishatuonyesha: mkalisheni, kijiko kidogo, ngojeni ameze. Najua! Ila kitabu cha maktaba natakiwa kukirudisha kesho, na kurasa zilibaki ishirini. Nikamnywesha kwa kikombe vilevile amelala. Mkono mmoja kikombe, mwingine kitabu. Akapaliwa. Alikohoa mpaka machozi. Nikamfuta, nikaendelea kusoma.
Kitabu kimeisha vizuri.

Alhamisi, 17 Julai
Bibi ana homa. Anahema kama aliyekimbia. Baba mkubwa Gerald anasema ni mama mdogo Evodia: juzi asubuhi kamwogesha maji ya baridi, na upepo wote huu wa hapa kwetu Mtinko! Mama mdogo anaapa yalikuwa ya vuguvugu. Hakuna anayemsikiliza.
Nilikuwa nachambua mlenda. Sikuinua kichwa.

Jumamosi, 19 Julai
Hospitali, mjini. Mama alitoka kupokea simu, daktari akanieleza mimi. Nimonia. Nikauliza ni baridi? Hapana. Kwa wagonjwa wa kusahau, hata koo husahau kumeza. Chakula hupita njia ya hewa, kinaingia mapafuni. Wengi wao hufa hivyo, wala si kwa kusahau kwenyewe. Akauliza, amepaliwa karibuni?
Nikasema sijui.
Sijui!
Mama akarudi: amesemaje? Nimonia, nikasema. Nikaishia hapo.

Jumapili, 20 Julai
Bibi amefariki saa nne asubuhi.

Jumatatu, 21 Julai
Mazishi kesho. Uani watu wamejaa. Nimeamkia shikamoo mpaka sauti imekauka.
Baba mkubwa kaniita mbele ya wazee: msomi wetu, una mwandiko mzuri, andika historia ya marehemu, na kesho utaisoma mwenyewe. Nikasema naona aibu kusimama mbele za watu. Wakacheka. Aibu ya nini, umeiba?
Nikaandika alivyotaja: kuzaliwa, ndoa, watoto sita, kwaya ya akina mama. Tukafika kwenye ugonjwa. Andika, aliogeshwa maji ya baridi. Mama akaruka: shemeji, hayo hayasomwi msibani! Basi andika nimonia tu, akasema, wenye akili wataelewa. Akageukia jikoni.
Mama mdogo Evodia alikuwa anasonga ugali wa msiba peke yake. Wanawake wengine wamehamishia masufuria kwa jirani.

Jumanne, 22 Julai
Saa saba mchana. Ibada inaendelea. Nimejificha chumbani kwa Bibi, naandika hapa. Asubuhi niliongeza mistari miwili chini ya neno nimonia. Mistari miwili tu. Saa kumi, kikombe, mimi.
Mama mdogo kaingia sasa hivi kunitafuta. Kaniwekea kola sawa. Usiogope mwanangu, kasema, mimi nitakaa mbele kabisa, usiwaangalie wengine, uniangalie mimi.
Ile mistari iko chini kabisa ya karatasi. Nikiikunja haionekani.
Baba mkubwa anataja jina langu kwenye spika. Kupitia dirisha namwona mama mdogo, ameshakaa. Benchi zima yuko peke yake —