Kitabu cha Nyangumi Kilichotupwa Shimoni

Isongole, Tukuyu,
9 Juni 2024.

Mpendwa kaka Erasto,

Mugonile? Mko wazima huko Mtwara? Kifua chako kinaendeleaje? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu inauma mpaka kwenye meno. Viazi tumeshavuna, na mama bado anakwenda kanisani kwa miguu yake.

Kaka, nina hasira ya wiki nzima. Unaikumbuka ile riwaya ya zamani uliyoizawadia maktaba ya shule yetu ulipohama, ile ya nahodha anayemwinda nyangumi mmoja mpaka anasahau kwamba mabaharia wake wana wake na watoto? Jumatatu makamu mkuu mpya, Mwalimu Fred, aliamuru vitabu vyote visivyomo kwenye mtaala vichomwe. Vichomwe, kaka! Hata sisi walimu wa Kiswahili hakutuuliza.

Ambindwile, mmoja wa wapishi wetu wa shule, alikiona kitabu chako kinaungua kwenye shimo la taka, akakivuta kwa mwiko wa ugali. Vidole viwili vimebabuka. Kesho yake akaitwa mbele ya kikao cha walimu kama mwizi.

"Kwa nini ulichukua mali ya shule?" Fred akamuuliza.

"Nilikuwa sijamaliza, mwalimu," akajibu. "Sijajua kama wale mabaharia wanarudi nyumbani."

Baadhi ya walimu wakacheka. Fred akasema watu wa viazi na migomba nyangumi hawawahusu. Hapo nikasimama. Nikamwambia baba yetu hakuiona bahari hata siku moja, lakini aligombania mpaka wa shamba la chai miaka kumi na tisa, ng'ombe wakaisha, wewe ukaacha shule, na zile hatua tatu za ardhi hakuzipata. "Mtu wa namna hiyo yumo kila kijiji hapa Rungwe," nikasema. "Ndiyo maana kitabu hiki hakizeeki."

Hakuna aliyecheka tena, lakini Ambindwile alipewa barua ya onyo vilevile. Nilitakiwa kuisaini kama shahidi, nikakataa. Sasa naambiwa nami nitaandikiwa yangu. Na waniandikie!

Kitabu kiko kwangu. Jana wapishi wote watatu walikuja, Ambindwile akatusomea mpaka chai ikapoa vikombeni. Tatizo kurasa za mwisho zimeungua kabisa. Nilipotaka kumsimulia mwisho wake, akaninyooshea mkono wenye bandeji kunizuia.

"Usiniambie, mwalimu. Nataka nifike mwenyewe."

Wifi Veronika mwambie nimemkumbuka sana, na mwanenu Neema mbusu shavuni kwa niaba ya bibi yake. Mungu awakinge na awape riziki yenye amani.

Nakuomba jambo moja tu, kaka. Tafuta nakala nyingine huko, hata iliyochakaa, uitume kwa basi. Juu yake andika jina la Ambindwile, si la shule.

Dada yako anayekupenda siku zote,
Tumpe